Mji Uliotolewa kwa Uyoga

Kitendawili. Wewe uliyeketi hapo, usininyamazie, sema tega. Haya. Mgeni wangu amezaliwa na kofia kichwani, jua hajawahi kulibishia hodi, na kitanda anacholalia ndicho chakula chake. Nani huyo?

Ukisema askari, nipe mji. Ukisema uyoga, vuta kigoda ujongee, maana umepata, na aliyepata ndiye nitakayemsimulia. Uyoga hulala juu ya mabua na mabua hayohayo huyala, taratibu, bila kelele, mpaka kitanda kinakwisha. Hilo hata mtoto wa Darasa la Sita analijua. Lakini uyoga unaotega vitendawili wenyewe umewahi kuusikia? Hata Mwalimu Gwantwa wa Shule ya Msingi Itipwani alikuwa hajausikia, na yeye ndiye aliyeuotesha.

Itipwani ya siku hizo mtu hakufungua mfereji kwa jembe. Chini ya majaruba yote ya mpunga ya bonde ulilala Utando, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga, uliopandwa na wazee baada ya mito kukauka. Utando ulionja udongo, ukajua jaruba lipi lina kiu, ukafunga mlango huu wa maji na kufungua ule. Watu walilima, wakavuna, wakaushukuru kama mtu anavyoshukuru paa la nyumba yake, yaani kwa kulisahau. Mafundi wa maji walikuwa na vyombo vya kuupima unyevu na joto. Kuzungumza na Utando hakuna aliyefikiria. Nani huzungumza na paa?

Jaribio la sayansi la muhula ule lilikuwa kuotesha uyoga wa mamama, ule mweupe wa kuliwa, kwenye mabua ya mpunga. Watoto walikatakata mabua kwa panga, wakayaloweka, wakayajaza kwenye pipa na kuwasha moto chini yake. Mwalimu Gwantwa aliwaeleza kwamba mabua lazima yachemke hasa, kwa sababu ndani yake wamo viumbe wengine wanaosubiri chakula hichohicho, na wasipokufa watagombana na mbegu za uyoga. Watoto wakaitikia ndiyo mwalimu. Alipoingia ofisini kupokea wageni, mpishi wa shule akaja kuchomoa kuni, akazipeleka kwenye makande ya wageni haohao. Pipa likabaki vuguvugu. Watoto wakaona mvuke kidogo, wakasema yameiva.

Mabua yale yalitoka kwenye majaruba ya bonde, na ndani yake nyuzi za Utando zilikuwa zimelala. Zilisikia uvuguvugu, zikajigeuza, zikaendelea kulala.

Basi wakapanga tabaka la mabua na tabaka la mbegu ndani ya mifuko, wakafunga midomo, wakaiweka stoo ambako dirisha lilizibwa kwa magunia. Katika kila mfuko wakachomeka sikio. Ndivyo watoto walivyokiita kile kifaa. Nyuzi za uyoga zinapokua hupitisha vimshtuko vya umeme, vidogo mno hata mbu asingevihisi; sikio liliviokota na kuvigeuza sauti, tik, tik, kama punje zinazodondoka kwenye sinia. Kadiri mfuko ulivyokua, ndivyo ulivyodondosha punje nyingi. Watoto waliketi gizani kusikiliza.

Na watoto wakiketi gizani, unajua tena. Mmoja anamfinya mwenzake, mwingine anataka kufungua mfuko achungulie. Mwalimu akaona heri wategeane vitendawili. Ikawa desturi: mmoja anaita kitendawili, darasa zima linaitikia tega, wakishindwa wanampa mji, naye anasema nilikwenda mji huo, watu wake wakanipokea vizuri, kisha anatoa jibu. Dodoma ilitolewa mpaka ikachakaa. Mbeya vilevile. Hakuna aliyekubali kupewa kijiji.

*

Aliyegundua wa kwanza ni Ambwene, mtundu wa darasa, ambaye masikio yake yalifanya kazi pale tu asipoambiwa asikilize. Alimwambia mwalimu kwamba mfuko wa pembeni unaitikia. Mwalimu akamwambia aache porojo.

Alipowatoa watoto kwenda kunywa uji, alibaki peke yake mle stoo. Alijiona mjinga, lakini aliinama karibu na mfuko ule akasema kwa sauti ya chini, "Kitendawili."

Tik-tik.

Akasubiri. Mfuko ukarudi kwenye kudondosha punje zake ovyo ovyo. Akasema neno lingine, chaki, na hakuna kilichobadilika. Akasema tena kitendawili.

Tik-tik. Te-ga.

Mwalimu Gwantwa alitaka kuusogeza mfuko auone chini, haukusogea. Alipouinamisha aliona kwamba nyuzi nyeupe zilikuwa zimetoboa plastiki na kuzama kwenye sakafu ya udongo, nene kama kamba za viatu, zikienda chini, zikielekea majarubani. Akaikumbuka harufu ya makande ya siku ile na kuni zilizopungua chini ya pipa. Hapo akaelewa kwamba hakuwa akizungumza na mfuko. Alikuwa akizungumza na bonde lote. Kila jaruba, kila mlango wa maji, ardhi yote aliyoikanyaga tangu utoto wake ilikuwa imetega sikio katika stoo ya shule, ikijifunza kuitikia kama mtoto wa Darasa la Sita.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakujua bonde huzungumzwa nalo kwa adabu gani.

Ilimpasa kutoa taarifa kwa mafundi wa maji. Alijiambia atafanya hivyo kesho, na kesho ilipofika akajiambia kesho yake. Si kwamba aliogopa. Ni kama mtu aliyeona ndege adimu akitua begani kwa mwanawe. Hutaki hata kupumua.

Kisha ikafika siku ambayo mfuko wenyewe uliita. Watoto walikuwa wamenyamaza, wakasikia tiki tano zilizopangwa, na wote walizijua bila kufundishwa: ki-te-nda-wi-li. Darasa zima likaitikia tega kwa mazoea, kisha likashtukia limeitikia nani.

Utando ukatega. Tiki moja. Halafu mifuko yote ya stoo ikalia kwa pamoja, mvua ya tiki juu ya bati. Halafu tena tiki moja, na kimya.

Watoto walijaribu. Mmoja alisema mvua. Mwingine alisema bisi kwenye sufuria. Ambwene alisema ni mkutano wa wazazi: mwenyekiti anafungua, wote wanaropoka, mwenyekiti anafunga. Walicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Lakini mfuko ulirudia vilevile, kwa subira, moja, wengi, moja, na kicheko kikaisha chenyewe.

Wakasema wameshindwa. Aliyeshindwa hutoa mji, na zamu ya kutoa siku hiyo ilikuwa ya Syabumi.

Syabumi alikuwa mtoto mpole aliyetembea kutoka Mseketi, nyuma ya kilima, kila asubuhi. Utando ulipopandwa, wapimaji waliona Mseketi ni nyumba chache mno kustahili gharama ya kuvusha nyuzi kilimani, wakaiacha nje. Watu wake waliishi kwa kisima kimoja chenye chumvi. Syabumi akausogelea mfuko akasema, "Nakupa Mseketi."

Darasa likaangua kicheko. Ambwene akasema Mseketi si mji, ni mahali mbuzi wanapopumzikia. Kisha mfuko ukagonga tiki nne, polepole, kama mtu anayelionja jina ulimini: M-se-ke-ti.

Wakati wa kutoka mwalimu alimshika Syabumi bega akamuuliza, kwa upole tu, kwa nini ametoa kwao badala ya mji kama wenzake. Syabumi alitazama vidole vyake vya miguu. Kengele ikalia, akaondoka bila kujibu.

*

Kulipokucha Syabumi alifika shule na tope mpaka magotini.

Mwalimu Gwantwa alilitazama tope lile kama anayetazama moto. Mseketi hapakuwa na tope. Hata mvua ikinyesha huko, ardhi huinywa kabla haijawa tope. Kabla hajauliza, Fundi Mwasomola, msimamizi wa maji ya bonde, aliingia uwanjani na vyombo vyake mgongoni, akilalamika kwamba milango ya majaruba ya chini imejifunga nusu yenyewe na hajui kwa nini. Mwalimu alijua. Jaruba lake mwenyewe, lenye mpunga wa mwaka mzima wa nyumba yake, lilikuwa huko chini. Alimweleza fundi kila kitu, palepale, mbele ya mlingoti wa bendera.

Fundi hakumkaripia. Alitaka kwanza kuona. Wakapanda kilima wote watatu, Syabumi akiwa mbele.

Njia ya Mseketi ilikuwa imeota. Uyoga ulijipanga pande mbili za kijia kuanzia chini mpaka kileleni, mweupe, kofia zake zikigusana, kama watu waliotoka kumpokea bibi harusi. Hapakuwa na mmoja uliosimama njiani. Fundi Mwasomola aliyeupima Utando maisha yake yote alipiga goti, akaweka kiganja juu ya ardhi, akakitazama kiganja chake kilivyolowa. Akavua kofia.

Kule juu, watu wa Mseketi walikuwa wamekizunguka kisima chao. Maji yalikuwa yamepanda mpaka ukingoni, meupe yasiyo na chumvi, yakitetemeka kidogo kama kitu kinachopumua. Watoto walikuwa wameloa. Mama mmoja alikuwa akiufua mkeka ambao haukuwa mchafu, ananawa uso, anafua tena. Na kila nyumba ilikuwa na uyoga kizingitini. Ndani ya udongo wa kuta nyuzi zilishaonekana, zikitambaa kama mishipa kwenye mkono wa mzee.

Mwenyekiti wao, Bibi Tupokigwe, hakuwa amenawa. Alimpokea mwalimu kwa heshima, akamkaribisha kiti, akasikiliza habari yote ya kitendawili na mji. Wengine waliguna. Mmoja akataka kumcheka Syabumi, bibi akamkata jicho. Kisha akasema maneno ambayo Mwalimu Gwantwa aliyabeba kilima kizima wakati wa kurudi.

"Tulipoachwa nje hatukuulizwa, mwalimu. Na tulipochukuliwa hatukuulizwa. Mimi maji nayataka, nisikudanganye. Ila kuamka nikakuta nina wa kunimiliki, hilo silitaki."

Fundi akaeleza linalowezekana. Utando ulilijua jina la Mseketi kupitia mfuko mmoja tu, ule wa stoo. Nyuzi za kilimani bado changa. Mfuko ukifa leo kabla hazijakomaa, zitanyauka na kurudi bondeni. Kisima kitarudi na chumvi yake, majaruba ya chini yatapata maji yake, na Mseketi itakuwa ya wenyewe. Ukiachwa mpaka kesho hautang'oka tena. Dawa yake ndoo moja ya maji yanayochemka. Ila sheria ya bonde haimruhusu fundi kuua alichopanda mwingine. Aliyepanda ndiye anayemwaga.

*

Pipa likawashwa upya. Safari hii maji yalichemka mpaka yakaruka nje.

Mwalimu Gwantwa alisimama mle stoo na ndoo mkononi, mvuke ukimpanda usoni. Darasa la Sita walijibana ukutani. Watu wa Mseketi walikuwa wameshuka kilima, wakajaa mlangoni, na nyuma yao wazazi wa Itipwani wenye majaruba ya chini wakiuliza kwa sauti mwalimu anasubiri nini. Mifuko ilikuwa imezaa. Kwenye ule wa pembeni uyoga ulichanua tabaka juu ya tabaka, rangi ya maziwa, na kutoka ndani yake kilisikika kile kitendawili kisichochoka: moja, wengi, moja.

Na ghafla, akiwa ameinamisha ndoo kidogo tu, akakisikia. Alikisikia kama mtu aliyekuwa nje ya stoo hii, chini ya udongo, asiyejua mtu ni nini. Sauti moja inaita kitendawili. Sauti nyingi zinaitikia tega. Kisha sauti moja tena. Utando ulikuwa umewasikia watoto kila siku na umeshindwa kuelewa. Ulikuwa unauliza: nyie mliopo huko juu, ni mmoja au ni wengi?

Akaitua ndoo chini ili asiwaunguze watoto, akawaeleza watu. Aliwaambia huu si mwizi. Wenyewe ni mmoja, bonde zima ni mwili wake. Ulidhani na sisi tuko vivyo hivyo, kwamba kinywa cha Syabumi kikitoa Mseketi, Mseketi yote imejitoa. Haujui kwamba mtoto hawezi kumtoa bibi yake. Hakuna aliyewahi kuuambia.

Fundi Mwasomola alisema hayo huenda ni kweli, lakini kutojua hakumrudishii mtu nyumba yake, na nyuzi zinakomaa wakati wao wanazungumza. Mwalimu akiimwaga ndoo, angekiua kitu cha kwanza kisicho mtu kilichowahi kumuuliza mtu swali. Asipoimwaga, angewafungia watu wa Mseketi ndani ya mchezo wa watoto. Akaishika ndoo tena.

Bibi Tupokigwe akampita. Aliwasogeza watoto kwa kiwiko, akajishusha taratibu mpaka chini kwa magoti yake yaliyochoka, akakaa mbele ya mfuko kama anayekaa mbele ya mkwe.

"Kitendawili," akasema.

Mfuko ulisita, maana sauti hii ulikuwa hauijui. Kisha: tik-tik.

"Ameingia nyumbani kwangu bila hodi, na ameniletea maji. Nimwite nani?"

Punje zilianza kudondoka, zikaharakisha, zikajikanyaga, mifuko yote ikavuma mpaka vumbi likaanguka kutoka darini. Nje, mtu alipiga kelele kwamba milango ya maji ya bonde zima inacheza, inafunguka na kujifunga kama kope. Kiumbe kikubwa kuliko wilaya kilikuwa kinafikiri. Kisha vyote vikanyamaza kwa pamoja.

Bibi alisubiri muda wa adabu. "Umeshindwa," akasema. "Nipe mji."

Watu wa nyuma wakadhani mambo yamekwisha. Halafu sikio la mfuko likagonga tiki nne, polepole, jina lilelile. M-se-ke-ti.

Watoto ndio walioelewa kwanza kwamba mji umerudishwa, wakashikana mikono. Syabumi aliziba mdomo. Bibi Tupokigwe aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili, akasema amekwenda Mseketi na watu wa Mseketi wamempokea vizuri.

Ikafuata tik-tik. Hakuna aliyekuwa ametega chochote. Ambwene akanong'ona kwamba umekosea, unasema tega na hatujaita. Bibi akatikisa kichwa. Alikuwa mtu mzima, na mlangoni mwake alishasikia sauti za namna hiyo mara nyingi kuliko watoto wale.

"Si tega hiyo, mwanangu," akasema. "Unasema hodi."

Watu wa Mseketi wakatazamana. Wawili watatu walitikisa vichwa kukataa, mmoja akatoka kabisa. Wengi walibaki. Bibi aliwasoma nyuso mmoja mmoja, hakumruka hata yule aliyenuna, na walipomaliza kumjibu kwa macho akaugeukia mfuko na kusema karibu. Akaongeza kwamba vizingitini usiote, njia za ndani usipite, na mwenye kukataa, nyumba yake izungukwe. Kama Utando ulielewa yote, nani ajuaye. Fundi Mwasomola alisema itabidi waufundishe neno moja moja. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba majaruba ya chini yatavuna pungufu mwaka huu. Mwalimu Gwantwa aliitikia kwamba analijua hilo. Akaibeba ndoo yake nje, akaimwaga uwanjani palipo changarawe tupu, mbali na kila kilicho hai.

Aliporudi, Syabumi alikuwa bado amesimama pale pembeni, tope limemkaukia miguuni. Wenzake walikuwa wameshatoka kwenda kutazama milango ya maji. Mwalimu alichuchumaa wakawa sawa, akamuuliza tena lile swali la jana. Kwa nini Mseketi?

Mtoto alitazama uyoga, si vidole vya miguu.

"Kila siku tunapeana Dodoma, tunapeana Mbeya," akasema. "Nilitaka nilitaje la kwetu, mwalimu, na mtu alipokee."